Macho Hayana Pazia

Mwezi wa Agosti mwaka 2025 mjukuu wangu afanyaye kazi Mwanza aliniletea kamera. "Babu," akaniambia, "kila siku unalalamika kwamba macho yamechoka. Hii itakusogezea mambo ya mbali." Niliipokea kwa mikono miwili kama ipasavyo zawadi, huku nikijiuliza moyoni mzee wa miaka sabini na minne ataifanyia nini. Sasa nina la kusimulia. Sehemu ya masimulizi haya yaihusu kamera, na sehemu yanihusu mimi mwenyewe, wala si kwa kujisifu.

Kwanza nikieleze chombo chenyewe. Ni kamera ya aina ya katikati: imezidi zile ndogo za mfukoni, lakini haikufikia zile za waandishi wa habari ambazo hubadilishwa lenzi. Lenzi yake ni moja tu, haitoki, ila hurefuka kama shingo ya kobe anapochungulia. Yangu huvuta mara 60. Ziko zinazoipita: Nikon P1000, iliyotoka mwaka 2018, huvuta mara 125, sawa na lenzi ya milimita 3000 katika kamera za filamu.

Msomaji aliyewahi kushika kamera ya filamu atauliza: lenzi ya milimita 3000 yabebwaje begani? Nami niliuliza hivyo hivyo, na kwa kuwa nilifundisha sayansi kwa miaka mingi sikulala mpaka nilipopata jibu. Zamani mwanga uliangukia filamu yenye upana wa milimita 36. Katika kamera hizi huangukia kijibamba cha umeme chenye upana wa milimita 6 hivi. Upana ukipungua mara sita, lenzi nayo yaweza kufupishwa kwa kiasi hicho hicho na bado ikaonyesha kitu kile kile. Siri yote ni hiyo. Lakini hakuna cha bure duniani. Kijibamba kidogo hupokea mwanga kidogo, na jua likikaribia kuzama picha huwa na chengachenga kama unga wa mtama uliosagwa mara moja.

Wiki ya kwanza nilishindwa kabisa. Nilikuwa nikivuta mpaka mwisho, kisha namtafuta ndege, naona majani matupu. Baadaye nikajifunza kuanza na upana, kumweka ndege katikati, ndipo nivute polepole. Nikajifunza pia kwamba lenzi ikirefuka, hata pumzi yako huitikisa picha, kwa hiyo nikashona mfuko wa kitambaa, nikautia kilo mbili za maharage, nikawa naiegemeza kamera juu yake. Mama watoto alinitazama, akasema maharage hayo yangetosha chakula cha siku mbili. Na mchana wa jua kali ni bora kuiacha ndani. Hewa inayopanda kutoka ardhini hucheza kama maji, na picha ya mbali hucheza nayo, hata uwe na mashine ya bei gani. Kazi ni asubuhi mapema.

Mwezi wa Septemba wastaafu sita tulichanga fedha, tukakodi gari, tukaingia Hifadhi ya Serengeti upande wa kaskazini hadi Kogatende, penye Mto Mara. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1951, mwaka niliozaliwa mimi. Tumekua pamoja kama majirani wa uzio mmoja, na sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa nikiisikia tu. Siku hiyo niliona. Ng'ambo ya mto alikaa furukombe juu ya mti mkavu. Kwa macho yangu alikuwa doa jeupe. Nilipovuta, nikaona manjano ya mzizi wa mdomo wake, na unyoya mmoja kifuani ukipeperushwa na upepo. Nikaona tope lililokauka kwenye ndevu za nyumbu. Nikaona gogo, kisha gogo likafumbua jicho.

Tulikuwa tumekaa mbali na kivuko, na wanyama hawakuwa na habari nasi. Hapo niliona faida kubwa ya kamera hii. Julai mwaka huo huo zilienea picha za watalii walioshuka magarini kandokando ya Mto Mara wakawazibia nyumbu njia, hata TANAPA ikalazimika kulitolea taarifa jambo hilo. Mwenye lenzi ndefu hana sababu ya kufanya hivyo. Kwa mnyama wa porini, kukaa mbali ndiyo heshima. Nilirudi nyumbani nikiwa nimelipenda somo hilo, na kama ilivyo desturi ya walimu, nikadhani ni somo la kila mahali.

Nyumba yangu iko juu ya kilima katika Wilaya ya Tarime. Chini kuna bonde lenye migomba, na ng'ambo ya bonde ni mji wa mwalimu mwenzangu. Tulisoma chuo kimoja cha ualimu. Tulianza kazi pamoja katika miaka ile ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, watoto walipofurika madarasani nasi tukafundisha chini ya miti. Mwaka 2012 tuligombana juu ya mpaka wa shamba bondeni. Jambo lilikuwa hatua nne za ardhi. Baraza likanipa mimi ushindi. Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Kila asubuhi nilimwona kule ng'ambo, shati jeupe likitembea katikati ya miche ya kahawa, linasimama, linatembea, linasimama tena. Nami nilikuwa nikisema moyoni: anajionyesha, anaihesabu kahawa yake ili nimwone.

Asubuhi moja ya Oktoba nilikuwa uani na mfuko wangu wa maharage nikimtafuta chozi kwenye maua ya mgomba. Shati jeupe likapita. Nikageuza lenzi, nikavuta mpaka mwisho.

Hakuwa akihesabu kahawa. Mkono wake wa kushoto ulining'inia. Kwa mkono wa kulia alishika mche mmoja, akapumzika, akavuta mguu hatua mbili tatu, akashika mche mwingine. Nilimwona mdomo umepinda upande. Nilimwona anafuta jasho kwa bega. Alikuwa akijifunza kutembea. Nami, Mungu anisamehe, nilibonyeza mara nne.

Jioni nilimwonyesha mama watoto zile picha kwenye kioo cha kamera. Hakushangaa. "Ni kiharusi," akasema. "Tangu mwaka jana. Sisi wanawake tumekwenda kumwona mara mbili."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia jina lake lisitajwe ndani ya nyumba hii."

Sikulala vizuri. Nilikumbuka kamera yangu ya kwanza, Zenit ya Kirusi, niliyoinunua kwa mtu mwaka 1976. Lenzi yake ilikuwa ya milimita 58, haikuvuta chochote. Ukitaka uso wa mtu ujae katika picha, ulilazimika kusimama hatua mbili kutoka kwake. Na huwezi kusimama hatua mbili kutoka kwa mtu bila kumsalimu, kumuuliza habari za nyumbani, na kumwomba ruhusa. Yeye atavaa koti, ataita watoto, na picha itakuwa yake kama ilivyo yako. Filamu ilikuwa na picha 36, nayo ilitakiwa itoshe muhula mzima, hivyo hukumpiga mtu ovyo. Picha ya kwanza ya filamu ile ya kwanza ilikuwa ya mwalimu huyu huyu, ameshika chaki, anacheka.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Kweli, jicho halizuiliki kuona. Lakini kamera hii imenifundisha kwamba mtu aweza kuleta uso wa mwenzake mpaka mapajani pake, na yeye mwenyewe asisogee hata hatua moja. Kwa furukombe hilo ni adabu. Kwa binadamu ni wizi, na kwa jirani ni wizi zaidi.

Kesho yake nilishuka bondeni. Nilipita zile hatua nne, nikapanda ng'ambo. Mwendo wenyewe haukufika dakika ishirini. Nilipiga hodi. Alikuwa ameketi kibarazani, akanitazama kwa muda.

"Karibu, Mwalimu," akasema. Maneno yalitoka kwa taabu. "Umechelewa kipindi."

Nikamwambia nimekuja kukiri kosa, nikamwonyesha zile picha nne. Alizitazama moja moja, akatikisa kichwa.

"Hizi zifute. Hapo sikujua kwamba natazamwa."

Nikazifuta mbele yake. Kisha akamwita binti yake amletee koti. Kulivaa kulichukua muda mrefu, nami nikamsaidia mkono wa kushoto. Akakaa wima kadiri alivyoweza. Nikairudisha lenzi mpaka mwisho wa upana wake, ikawa fupi kama ile ya zamani na zaidi, nikasimama hatua mbili kutoka kwake, nikapiga moja. Picha hiyo nimeitengenezea fremu. Nakala moja iko kwake na nyingine iko kwangu. Chengachenga zipo, kwa sababu kibaraza kina kivuli, na mdomo umepinda. Lakini ni yeye, na anajua kwamba ni mimi niliyemtazama.

Kuhusu zile hatua nne hatujazungumza bado. Siku za Jumanne na Ijumaa huwa nakwenda asubuhi, anashika bega langu badala ya miche, tunazunguka shamba lake polepole.

Msomaji wangu, ukiulizwa kama kamera hizi zafaa kununuliwa, sema zafaa sana, hasa kwa sisi tuishio karibu na Serengeti, ambako ndege na wanyama ni wengi na miguu yetu imechoka. Anza na upana, vuta polepole, egemeza kwenye maharage, amka mapema. Na siku lenzi itakapokutana na mtu unayemfahamu, iteremshe, uchukue mkongojo wako, uende ukamsalimu.