Meli ya Mickey au meli ya bei poa?

Haya wadau, najua nimeadimika. Sijafa wala sijadisko, ni testi tatu zilizopandana na kazi ya kikundi ambayo, kama kawaida ya hapa Mlimani, kikundi maana yake ni mimi na mwenzangu mmoja, wengine majina tu. Sasa humo humo nikabebeshwa kazi nyingine isiyokuwa na maksi: kumsaidia dada yangu aliyeko Houston kuchagua meli ya kitalii ya kwenda kupumzika na familia yake. Nimelala saa nane usiku siku nne mfululizo nasoma habari za meli ambazo sitazipanda leo wala kesho. Basi na nyie mtazisoma, siumii peke yangu hahaha.

Niwape picha kwanza. Dada ana miaka tisa Marekani. Kabeba boksi hasa, usiku analea wazee, mchana darasani, mpaka akamaliza uuguzi. Nyumbani Tanga hajaja miaka sita. Likizo yake siku zote ni kulala. Safari hii kaweka pembeni dola 5,000, kasema watoto wake nao wajue kwamba mama yao huwa anacheka. Wapwa zangu wawili: wa kike ana miaka 5, wa kiume 13. Wa kike anataka meli ya Mickey, hana mjadala. Shemeji akaangalia bei akasema hiyo hapana, kuna meli nyingine bandari ile ile kwa nusu ya hela. Wakanuniana. Siku ya tatu dada ananipigia WhatsApp: "Mdogo wangu, si ndio unasoma biashara wewe? Hebu tupigie mahesabu, mimi na huyu hatusikilizani." Nikajua tayari, nimeshakuwa baraza la usuluhishi.

Kwa wasiojua (na mimi nilikuwa huko huko), meli hizi si usafiri. Hazikutoi hapa kukupeleka pale. Unapanda Galveston, bandari iliyo kama kilomita 80 kutoka Houston, unakwenda Mexico, mfano Cozumel na Progreso, halafu unarudishwa pale pale ulipopandia. Hoteli inayoelea. Na kuna sababu ya kisheria ya kugusa Mexico: sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inakataza meli za bendera ya nje kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani kwenda nyingine, na nyingi ya meli hizi zimeandikishwa Bahamas au Panama. Kwa hiyo lazima zikapige hodi nchi ya watu kwanza. Sheria ya enzi za meli za moshi mpaka leo ndiyo inampangia mtoto wa miaka 5 ratiba ya likizo!

Sasa Disney. Nilianza nikiwa upande wa shemeji kabisa, nikidhani ni jina tu linauzwa. Jamani, si jina tu. Meli yao ya kwanza, Disney Magic, ilianza 1998, na tangu mwanzo waliamua hakuna kasino. Mpaka leo hakuna. Soda ni bure mezani na kwenye mashine. Jioni familia inazungushwa kwenye migahawa mitatu tofauti, leo huu kesho ule, na wahudumu wako wanahama na wewe, kwa hiyo siku ya pili mhudumu anajua kwamba mtoto wako hataki maharage. Watoto wa miaka 3 hadi 10 wana ukumbi wao wa michezo, na wakubwa kidogo, 11 hadi 14, wana wao, bila kulipia zaidi. Vyumba vyao vingi bafu liko huku na choo kule, watu wawili wanajiandaa kwa wakati mmoja. Waliokaa Mabibo hosteli wanajua hiyo ni anasa ya kiwango gani. Halafu usiku mmoja wanarusha fataki baharini. Na Mickey mwenyewe anapita ukumbini, unakutana naye unapokwenda kula.

Ila bei sasa. Dada alinitumia kurasa alizopiga picha, siku tano, watu wanne, chumba kisicho na dirisha. Disney ilikuwa zaidi ya mara mbili ya Carnival. Tofauti yenyewe ilikuwa dola elfu mbili na ushee. Nilipoona hivyo nikafunga kompyuta nikaenda kunywa chai kafeteria. Na kingine: Disney haikai Galveston mwaka mzima, inakuja kwa misimu, kwa hiyo huna uhuru wa kusubiri wiki ya bei ya chini.

Carnival nayo ina hadithi yake. Ilianza 1972 na meli moja ya mtumba iitwayo Mardi Gras, na safari ya kwanza kabisa ikapanda mchangani nje ya Miami. Kutoka hapo leo kampuni mama ndiyo kubwa kuliko zote duniani kwenye biashara hii. Sifa yake ni meli ya watu wa kawaida, ya kelele na muziki. Watoto wana ukumbi wao kuanzia miaka 2 hadi 11, kisha 12 hadi 14, kisha 15 hadi 17, na haulipiwi pia. Baga, piza na aiskrimu ni bure, unapanga foleni hata mara kumi. Kuna mabwawa yenye mitelezo ya maji, na meli zao kubwa, kama Carnival Jubilee inayotoka Galveston tangu Desemba 2023, zina hadi kigari cha reli cha kuzunguka juu ya sitaha. Ninyi mnaopiga kelele tukipanda boti ya Zanzibar ikipita Chumbe, hebu fikirieni hilo.

Shemeji alisikia hayo akashangilia. Nikamwambia subiri shemeji, tuandike na yale yasiyoandikwa kwa herufi kubwa. Bakshishi kwanza. Kampuni zote hizi hukata bakshishi ya wahudumu kwa kila kichwa kwa kila usiku, mtoto kwa mkubwa, kati ya dola 16 na 20. Chukua 16 tu: watu wanne mara siku tano ni dola 320, na haimo kwenye ile bei inayong'aa ukurasa wa kwanza. Soda kwenye Carnival unalipia. Maegesho ya gari Galveston, siku zote tano. Intaneti. Picha. Matembezi ya Cozumel, ambako ukikata kwa meli ni ghali, ukishuka mwenyewe na kutafuta teksi ya ufukweni ni nafuu, ila uangalie saa maana meli haisubiri mtu. Kasoro soda, Disney nayo ina haya yote. Kwa hiyo ukijumlisha kila upande, pengo linapungua kidogo tu. Halizibiki.

Hapa ndipo nilipopata kitu ambacho nadhani ni hoja yangu bora tangu nianze chuo, na mhadhiri hayupo kuisikia. Tiketi ya meli ya bei poa ni rahisi kwa nini? Kwa sababu kampuni haitegemei tiketi peke yake. Inategemea baa na kasino. Ukishapanda, ndipo wanaanza kukuvuna: kinywaji hapa, mashine ya kamari pale. Disney hana kasino, kwa hiyo anakukamata mlangoni kwenye tiketi. Sasa dada na shemeji ni watu wa swala tano. Hawanywi, hawachezi kamari. Maana yake wanapanda meli ambayo nauli yake imepunguzwa na hela za walevi, wao wenyewe bila kuchangia hata senti! Familia ya namna hiyo ndiyo mteja mbaya kuliko wote kwa kampuni, na kampuni ndiyo duka zuri kuliko yote kwake. Nilipomweleza dada akacheka mpaka simu ikamponyoka. Shemeji yeye akauliza kama hiyo ni halali. Nikamwambia hilo amuulize sheikh, mimi ni wa mahesabu tu.

Ubaya upo lakini, sifichi. Kwenye meli yenye kasino, unapita kasino. Moshi, watu wamechangamka, muziki mpaka usiku. Kwa mtoto wa miaka 5 hilo ni la kuangalia, na dada alilitaja kabla yangu. Disney pale anashinda bila ubishi.

Royal Caribbean tuliipitia haraka. Ndiyo ya katikati, ina jengo lake la abiria Galveston tangu Novemba 2022, na meli zake kubwa zina hadi kiwanja cha kuteleza kwenye barafu. Icon of the Seas, iliyoanza Januari 2024, inabeba abiria zaidi ya 7,000 ikijaa. Hiyo ni zaidi ya kata nyingine! Tatizo bei ilikuwa karibu na kikomo cha bahasha ya dada. Halafu kuna MSC, ambao mara nyingi wanatangaza watoto chini ya miaka 18 bure chumba kimoja na wazazi, unalipa ushuru wa bandari tu. Nikamwambia dada, MSC ni wale wale wa makontena, yale unayoyaona kwenye malori Barabara ya Mandela. Akasema, "Ina maana nipande kontena?" Ikaishia hapo, ingawa kwa haki kabisa ilistahili kuangaliwa zaidi.

Kisha Mama akasikia.

Nani alimwambia sijui, ila Jumapili asubuhi napiga simu Tanga, "Shikamoo Mama," hata marahaba sikuipata sawasawa. "Hiyo meli ya rahisi mnayomchagulia mwenzio, ndiyo zile zinazozama?" Nikanyamaza. Kwetu Ngamiani mtu wa Pemba hakosekani kila barabara, na Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander ikitoka Unguja kwenda Pemba, matanga yaliwekwa mpaka mtaani petu. Mwaka uliofuata, Julai, ikaja MV Skagit. Na kabla ya hapo MV Bukoba mwaka 1996, na baadaye MV Nyerere 2018. Kwa mama yangu neno "rahisi" likikaa karibu na neno "meli", halina maana ya punguzo la bei. Lina maana ya watu kujazwa kupita kiasi. Na hana kosa.

Sikutaka kumpa majibu ya kumtuliza tu. Nikamwambia kweli, hata huko zimezama. Costa Concordia ilipiga mwamba Italia Januari 2012, wakafa watu 32, na kampuni yake iko chini ya hao hao wakubwa wa Carnival. Baada ya hapo ikawa abiria wote wanafanyishwa zoezi la dharura kabla meli haijaondoka. Meli zote hizi, ya Mickey na ya bei poa, zinabanwa na mkataba mmoja wa kimataifa wa usalama baharini, ambao chimbuko lake ni Titanic, na zikifika bandari za Marekani zinakaguliwa na askari wa pwani wa huko. Hata jikoni wanakaguliwa na watu wa afya, wanapewa alama juu ya 100, ukipata 85 kushuka umefeli. (Tungetumia kiwango hicho hapa Mlimani tungebaki wangapi?) Nikamwambia, Mama, bei inapunguzwa kwenye soda na mapambo, si kwenye maboya.

Akakaa kimya. Akauliza, "Maboya ya watoto yapo?" Yapo. "Na huyo mdogo watamvalisha?" Watamvalisha. "Haya."

Halafu akasema lile lililokata mjadala wote, na nadhani hakujua kama analikata. "Hizo dola elfu mbili mnazobishania, tiketi ya kuja huku ni shilingi ngapi?"

Nikaenda kuangalia. Kwa tofauti ile ya Disney na Carnival, dada mwenyewe anapanda ndege Houston kuja Dar na kurudi, na chenji ya basi la Tanga inabaki. Nilimtumia hiyo hesabu bila maneno, namba mbili tu, moja juu ya nyingine. Hakujibu usiku ule. Asubuhi nikakuta ujumbe: wamekata Carnival, siku tano, chumba bila dirisha, na shemeji amekubali kubaki na watoto wiki tatu dada aje peke yake kumwona Mama.

Mpwa wangu wa kiume alishangilia, maana kwa maelezo yake kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Anko, sitaki marafiki waone mimi na Minnie." Wa kike alilia kweli kweli. Hilo mahesabu yangu hayakuliponya, na kama angekuwa mtoto wa pekee, au kama safari ya nyumbani isingekuwepo mezani, mimi ningemwambia dada alipe hiyo Disney na asijutie, maana miaka 5 haisubiri punguzo. Dada kamnunulia gauni la Elsa. Makubaliano ni kwamba Mickey hayumo kwenye meli hii, ila Elsa atapanda, na ndiye yeye.

Kwa sasa faili la meli nimelifunga, nimefungua jingine: Houston kuja Dar kupitia Doha au kupitia Istanbul, ipi nafuu mwezi wa saba, na ipi inampa mizigo zaidi, maana orodha ya Mama ya vitu vya kuletewa imeshafika ukurasa wa pili. Mwenye uzoefu aniambie. UE inaanza Jumatatu na sijagusa kitu, nakimbilia maktaba.