Tumbako Fupi ya Kambi ya Panda

Katika soko la Kikula tumbako iliuzwa kwa kamba. Majani yaliyokaushwa yalisokotwa mpaka yakawa meusi na magumu, na mama muuzaji aliikata kwa kisu kulingana na pesa uliyoshika mkononi. Wanaume wa kambi yetu ya Panda waliipukuchua, wakaiviringisha katika kipande cha gazeti, wakapata kitu kifupi, kinene, chenye moshi wa kumkohoza hata aliyeketi mbali. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi Shituru, kwenye mabirika ya kusafisha shaba kwa umeme, tangu siku ambazo mji wetu ulikuwa bado na jina la Mbelgiji Jean Jadot. Jadotville ikawa Likasi 1966, na mwaka uliofuata, tarehe 1 Januari, mali ya Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ikawa ya serikali.

Ufupi wa tumbako ile ulitokana na king'ora cha kiwanda. Mtu alikuwa na muda wa kuvuta mara chache tu kabla ya kurudi kwenye mabirika, na hakutaka kutupa kitu. Lakini jioni, mtu ametoka zamu na bukari (ugali) imeshaliwa, chini ya mwembe wa kambi, hakukuwa na haraka tena. Ndipo mabishano yalipoanza. Kundi moja, na baba alikuwamo, lilishikilia kwamba tumbako nene ndiyo tumbako: inajaza kinywa, haizimiki ovyo, na ladha yake iko yote mahali pamoja. Kundi la pili lilisema fupi inaunguza ulimi kwa kuwa moto uko karibu mno na mdomo. Viringisha nyembamba na ndefu, moshi upate njia ya kupoa. Kapita (msimamizi) mmoja mstaafu, mtu wa Kambove, alikuwa akilieleza jambo hili kwa utulivu wa hakimu, naye ndiye aliyekuwa karibu na ukweli. Moshi unaopita katika majani marefu hupoa njiani.

Wakubwa wa kizungu walivuta biri, ile sigara ya majani matupu isiyo na karatasi. Tuliinusa kutoka nje ya ukuta wa klabu yao. Wabelgiji walikuwa na viwanda vyao vya biri, hasa Geraardsbergen, na biri zao nyingi zilikuwa kavu, za kuvutwa bila kutunzwa katika sanduku lenye unyevu. Hilo liliwafaa huku kwetu. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ya Katanga inakauka hata midomo inapasuka, na biri ya Kuba au Nikaragua, inayotaka unyevu wa karibu asilimia 70, inachanika ganda ikiachwa mezani siku chache.

Miaka michache iliyopita, kwenye harusi ya ukoo wetu, binamu yangu anayeishi Brussels alikuja na boksi la biri ambazo wazee hawakuwahi kuona mfano wake. Zilikuwa na urefu wa sentimita 10 hivi na unene wa karibu milimita 24. Biri ya kawaida inayoitwa robusto, ambayo nayo huhesabiwa fupi, ina milimita 127 kwa 20. Hizi za binamu zinaitwa Nub, zinatengenezwa na kampuni ya Oliva huko Nikaragua, na ziliingia sokoni 2008. Hoja ya watengenezaji ni kwamba biri ndefu huchelewa kufika mahali pake patamu, basi wao wamekata safari yote ya mwanzo wakakuachia utamu wenyewe. Baadhi zimevikwa jani la Kameruni. Na tangu 2016 kampuni ya Oliva ni mali ya J. Cortès, watu wa Ubelgiji.

Baba mdogo, wa mwisho aliyebaki katika kundi la baba, alivuta yake kwa macho yaliyofumbwa. Majivu hayakudondoka, aliisimamisha mezani juu ya majivu yake, ikasimama wima, na vijana wote wakatoa simu kupiga picha. "Hii walituiba sisi," alisema. Jirani yake, mzee wa lile kundi la pili, aliiweka chini kabla ya nusu. "Nene hivi inanichosha taya. Tena haina mwanzo, mutoto wangu. Inaanza katikati." Wakabishana mpaka ngoma ikanyamaza. Nilikuwa sijasikia ubishi ule tangu utoto wangu, na uliniuma kuona wamebaki wawili tu wa kuuendesha.

Kwa maoni yangu yule jirani ana haki. Utamu wa biri ni kubadilika kwake: inaanza laini, inakolea, inaishia na ukali, na mvutaji anazungumza huku akiisubiri. Lakini nikimtazama baba mdogo naelewa kwa nini anaitetea ile fupi. Anatetea watu aliovuta nao.

Siililii tumbako. Vumbi la migodi na moshi kwa pamoja viliharibu vifua vya wanaume wengi wa Panda, na nimezika wengi wao. Ninachokililia ni zile jioni, zilizokwisha pamoja na kampuni. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Miaka kumi baadaye haikufikisha hata 40,000. Kati ya hapo mgodi wa Kamoto uliporomoka, 1990, na mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, majirani tuliokula nao sahani moja. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Siku hizi kijana anayetoka kuchimba kwa mikono ananunua sigara moja moja kwa muuza mezani, anaivuta akitembea, peke yake, simu sikioni.

Kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyefanya kazi Shituru, Panda au Kambove, keti naye wiki hii, bila moshi, na kalamu mkononi. Muulize walibishana juu ya nini jioni, na andika majina ya waliokuwapo.