Siku Moja Migori na Homa Bay: Kutoka Thimlich Ohinga Hadi Kendu Bay



Likizo ya shule iliyopita, jamaa yetu mmoja anayeishi London alituletea kwa simu picha zisizopungua arobaini. Yeye na mkewe na watoto wao watatu walikuwa wametoka kutembea mjini kutwa nzima: hapa wamesimama mbele ya Tower of London, hapa wanavuka Tower Bridge, hapa saa ya Big Ben iko juu ya vichwa vyao, na hapa wamo ndani ya gurudumu la London Eye, lenye kimo cha mita 135, mtoto mdogo amefumba macho kwa hofu. Simu ilizunguka nyumba nzima. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka kumi na miwili, akauliza, "Na sisi, Baba, tutakwenda lini kutazama mambo?"

Tukamjibu kwamba Jumatano tunasafiri kwenda Migori. Akacheka. "Migori kuna nini?"

Hatukumkemea, kwa kuwa swali hilo lilikwisha kuulizwa ndani ya nyumba yetu miaka saba nyuma, na walioliuliza ni wakubwa. Binti yetu wa pili aliposwa na kijana Mjaluo, Mwislamu mwana wa Waislamu, mzaliwa wa Kendu Bay, mwalimu wa shule mjini Migori. Dini yake tuliiulizia tukaridhika nayo, na tabia yake vilevile. Lakini watu wa ukoo walikuja barazani mmoja baada ya mwingine wakiuliza, bara huko kuna nini, na mama watoto akasema neno moja tu: "Mwanangu akale omena?" Omena ni wale dagaa wadogo wa ziwani, ambao kwetu Pwani wengi huwajua kama chakula cha kuku.

Sisi tulioza. Tulishika mkono wa kijana tukatamka maneno ya ijabu, naye akakubali. Lakini yatupasa tuseme kweli mbele ya wasomaji wetu, ambao wametusikia mara nyingi katika darsa tukieleza aya ya kumi na tatu ya Suratul-Hujurat, ile ya mataifa na makabila. Siku ile ya baraza hatukuieleza. Tulinyamaza, tukaacha ndoa ipite kama mtu anayelipa deni. Na kwa miaka saba iliyofuata binti yetu alikuja Mombasa mara mbili, akiwa mjamzito na baada ya kujifungua, na sisi hatukwenda kwake hata mara moja. Udhuru haukukosekana: nauli, Ramadhani, maradhi ya miguu. Mjukuu wetu wa kike ametimiza miaka sita akimwita mama watoto "bibi wa simu".

Basi tulipanda treni ya Mombasa hadi Nairobi, na kutoka Nairobi tukapanda basi la usiku. Safari hiyo haina la kusimulia ila baridi. Siku ya pili baada ya kuwasili, mkwe wetu alikodi gari la watu saba akasema atatuonyesha kwao. Tuliondoka Migori baada ya Alfajiri, na mahamri na mbaazi ndani ya kapu, na chupa mbili za chai.

Thimlich Ohinga iko kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Njiani ni mashamba ya mahindi, kisha vichaka na vilima vya mawe, na wachungaji wadogo wanaopungia kila gari mkono. Tulipofika hatukukuta foleni wala muuza vinyago. Palikuwa na mtunzaji mmoja wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, mtu mpole, aliyefurahi kuona watoto. Mjukuu wetu akamwamkia kwa Kijaluo, wakazungumza kitambo, kisha akatugeukia akatufasiria kwa Kiswahili safi cha mama yake. Mama watoto alimtazama mtoto yule kama anayemwona leo.

Mtunzaji alitueleza kwamba jina hilo kwa Kijaluo lina maana ya ngome iliyo katika msitu mzito wa kutisha. Ni maboma manne makubwa ya mawe, Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch, na Kochieng ndilo kubwa kuliko yote. Kuta zake huaminiwa kuwa zilijengwa karne ya 16. Kimo chake ni kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu, na unene wake wastani ni mita moja. Na hapa ndipo sisi watu wa Pwani tuliposimama tukastaajabu: hakuna chokaa. Hakuna udongo, hakuna chochote cha kushikiza. Sisi tumezaliwa baina ya kuta za matumbawe na chokaa, tunajua nyumba ya mawe hugharimu tanuri ngapi za chokaa, na tunajua chokaa ikichoka ukuta huinama. Waliojenga Thimlich walipanga jiwe juu ya jiwe, upande wa nje na upande wa ndani, kisha wakajaza katikati mawe madogomadogo ya kuzifunga pande mbili hizo zisiachane. Hakuna jiwe lililochongwa ili lilingane na mwenzake. Kila jiwe lilitafutiwa mahali linapokaa.

Tulishika ukuta kwa kiganja na kuusukuma, jambo ambalo mtunzaji hakulipenda. Haukutikisika.

Malango ni mafupi. Mtu mzima hapiti ila ameinama, na hiyo ilikuwa makusudi, kwa kuwa adui anayeingia kichwa mbele hana nguvu ya kupigana. Watoto walipita mbio. Binti yetu alipita. Mama watoto alisimama nje na buibui lake limejaa miiba ya majani, akaligeuza-geuza lango kwa macho, akasema magoti yake hayawezi. Tulidhani atabaki kivulini. Mjukuu akarudi, akatoa mkono wake mdogo kutoka upande wa ndani, akasema, "Inama tu, bibi, si mbali." Akainama akapita.

Ndani, mtunzaji alituonyesha duara za vibanda na mazizi ya ng'ombe, na mahali palipofuliwa chuma. Alituonyesha pia jiwe lenye safu za mashimo: ni bao, limechongwa mwambani na watu waliokuwa wakikaa hapo kupitisha wakati. Bao hilohilo wanalocheza wazee wetu barazani! Kitinda mimba wetu aliokota changarawe akataka kuanza mchezo, akazuiwa. Kati ya kuta imeota miti mirefu ya jamaa ya mnyaa, yenye utomvu mweupe, ambayo wenye watoto wadogo wanapaswa kuwakataza wasiiguse, maana utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari. Wanaokwenda na wavae viatu vya kufunga, wachukue maji yao. Duka liko mbali.

Tulimweleza kitinda mimba kwamba Tower of London iliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1988, na Thimlich Ohinga ikaingia mwaka 2018, katika mkutano uliofanyika Manama, Bahrain. Orodha ni hiyohiyo moja. Iko Lamu ya mwaka 2001, iko Fort Jesus ya mwaka 2011, na Gedi imeongezwa mwaka 2024. Akauliza kwa nini basi shuleni hakuwahi kuisikia Thimlich. Hatukuwa na jibu la kumpa mtoto. Hata sisi tuliijua siku ile.

Kutoka hapo tulielekea Homa Bay kwa upande wa Ndhiwa. Bonde la Lambwe lilikuwa kushoto kwetu, ndimo ilimo Hifadhi ya Ruma, mahali pekee katika Kenya walipobaki korongo, wale paa wakubwa wenye pembe zilizopinda kwa nyuma. Hatukuingia, kwa kuwa siku ni moja. Vilevile tuliiacha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 hajatimiza miaka 39. Mkwe wetu alisikitika, akasema kisiwa hicho kinataka siku yake peke yake. Basi safari nyingine, inshaallah.

Mji wa Homa Bay uko ukingoni mwa ghuba, na ziwa ukiliona mara ya kwanza moyo hudanganyika ukadhani ni bahari, mpaka pua ikukumbushe kwamba hakuna chumvi. Mama watoto alichota maji kwa kiganja akayaonja, akatikisa kichwa. Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri, katika msikiti wa mjini. Wanawake walikuta pa kutawadha na pa kusalia; tunalitaja hilo kwa kuwa akina mama hutuuliza kwanza kabla ya kuuliza mandhari.

Kabla ya kufika Kendu Bay mkwe wetu alisimamisha gari tena, tukapanda kilima kifupi, na chini yake tukaona ziwa dogo la mviringo, maji yake ya kijani kama sufuria ya mchicha, na ukingoni heroe wachache. Ni Simbi Nyaima. Wataalamu husema ni shimo la volkano. Wenyeji husema jina lake ni kijiji kilichozama, na mkwe wetu alituhadithia kama alivyohadithiwa na nyanya yake. Usiku mmoja wa sherehe alikuja ajuza mgeni, ana njaa, nguo zimelowa. Akabisha nyumba hii akafukuzwa, akabisha ile akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu alimpokea, akamkokea moto, akampa chakula. Ajuza akamwambia, chukua watu wako uondoke usiku huuhuu. Mvua ikanyesha, na kijiji kikazama na wote waliomo.

Sisi tulikuwa na la kusema kuhusu haki ya mgeni. Hadithi zake na mafunzo yake tunayo mengi. Mjukuu akatutangulia. "Kwa nini walimfukuza?"

Baba yake akasema, "Hawakumjua."

Mama watoto hakusema kitu. Alikuwa amekaa juu ya jiwe anachambua miiba katika buibui, mmoja mmoja, na kazi hiyo ilimchukua muda mrefu kuliko miiba iliyokuwapo.

Kendu Bay ni mji wa zamani. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 na meli zikaanza kuzunguka ziwa, hapa palikuwa bandari, na wafanyabiashara wa Kihindi, wa Kiarabu na wa Kiswahili wakafungua maduka. Wajaluo wengi wa hapa wakasilimu, na watoto wao na wajukuu wao wako mpaka leo. Mzee Hussein Onyango Obama, babu yake Rais wa 44 wa Marekani, asili yake ni Kanyadhiang, jirani na hapo. Msikiti wao wa kale umesimama katikati ya mji. Tuliutazama tukaona haya, kwa kuwa kwa miaka saba tulikuwa tukizungumza nyumbani kana kwamba Uislamu ulikomea Mariakani.

Mama yake mkwe wetu alikuwa amesimama mlangoni, mtandio mweupe kichwani. Alikuwa amengoja tangu Adhuhuri. Alimshika mama watoto mikono miwili akasema, "Karibu, dada. Umechelewa."

Huenda alikusudia kwamba jua limekwenda. Mama watoto alijibu, "Nimechelewa, dada. Nisamehe," na sauti ikamkatika. Binti yetu akageuka akaingia jikoni. Sisi tukauliza habari za kisima.

Tuliletewa ngege wa kupaka mchuzi wa nyanya, ugali, sukuma wiki, na wali, kwa kuwa walisikia watu wa Pwani hawashibi bila wali. Na pembeni, katika bakuli dogo, omena wa kukaanga. Mwenye nyumba hakuwasogeza kwa mgeni. Pengine habari ya lile neno la miaka saba ilikwisha kumfikia, Mungu ndiye ajuaye. Mama watoto alinyoosha mkono mwenyewe akavuta bakuli. Alikula kidogo, akauliza wanakaangwa kwanza au wanachemshwa kwanza. Mabibi wawili wakaanza kubishana juu ya limau, na mjukuu katikati yao akifasiri hata pale pasipohitaji kufasiriwa.

Tulisali Magharibi jamaa moja, tukaimamishwa na baba yake mkwe wetu. Tulipoaga, tulifungiwa kilo mbili za omena wakavu ndani ya gazeti na mfuko juu yake. Gari lilikuwa limefungwa vioo kwa ajili ya mbu, na harufu, wasomaji wetu, haikuwa ya mchezo. Kitinda mimba aliziba pua akapendekeza mfuko uwekwe nyuma kwenye buti. Mama watoto alikataa. Aliupakata mpaka Migori, na mjukuu amelala begani kwake.