Penseli Ndani ya Gitaa

Nakumbuka enzi ambapo gitaa la kiwandani lilijulikana kwa kichwa chake tu. Jina lililoandikwa pale juu, Martin au Gibson, lilitosha kumridhisha mpigaji, na mwenye udadisi zaidi alitafuta namba ya mfululizo, akailinganisha na orodha ya kampuni, akapata mwaka wake. Siku hizi fundi makini haanzii kichwani. Huingiza kioo kidogo na taa kupitia tundu la sauti, au kamera nyembamba iliyounganishwa na simu, akasoma gogo linaloshika shingo, mihimili iliyogundishwa chini ya ubao wa juu, na mwandiko wowote wa penseli uliobaki humo. Wapo wanaoona huo ni ushabiki wa watu wenye muda wa kupoteza. Mimi naona ni haki. Alama zilizofichwa tumboni mwa gitaa zinaaminika kuliko jina la nje kwa sababu nyingi ziliwekwa na mfanyakazi kwa ajili ya mfanyakazi mwenzake, ili kazi isipotee njiani, wala hakuna aliyetarajia kwamba mnunuzi angezisoma.

Si kila kilicho ndani ni kweli, na historia ya Martin inaonyesha mpaka uko wapi. Christian Friedrich Martin alihamia Nazareth, Pennsylvania, mwaka 1839, lakini kwa miongo mingi baada ya hapo mihuri ndani ya magitaa yake iliendelea kutaja New York, kwa kuwa huko ndiko biashara ilikokuwa na jina. Mhuri ule ulimlenga mnunuzi, na ukasema kilichofaa kuuza. Mwaka 1898 kampuni ilianza kugonga namba kwenye gogo la shingo, ikianzia 8000, makadirio ya magitaa yaliyokuwa yametangulia, na mwaka ulipoisha namba ilikuwa 8348. Kufikia 2004 hesabu ilitimia 1,000,000. Mwaka 1930 jina la modeli nalo likaanza kugongwa hapo hapo. Namba hizo zilihudumia daftari la kiwanda, na ndiyo maana bado zinategemewa hata pale ambapo lakka imepakwa upya na kichwa kimebadilishwa.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, hata hivyo, hauna maandishi kabisa. Chukua Martin D-28 mbili, moja ya 1943 na nyingine ya 1946. Kwa macho ya mteja dukani ni ndugu wa tumbo moja. Pitisha kidole kwenye tundu la sauti, uguse mihimili iliyopishana kama herufi X: katika ile ya kwanza mbao zimechongwa zikabonyea katikati na kuinuka kidogo karibu na ncha, ilhali katika ya pili zimeachwa nene na zimenyooka. Kuelekea mwisho wa 1944 kiwanda kiliacha uchongaji ule, kwa kuwa wapigaji walifunga nyuzi nzito zilizovuta ubao wa juu hadi ukavimba nyuma ya daraja, na magitaa yakarudi kutengenezwa. Mihimili minene ilipunguza matatizo hayo, lakini ilipunguza pia mtetemo wa ubao. Hapa uamuzi wa kibiashara, wenye sababu zake nzuri, uliandikwa kwa patasi mahali ambapo mnunuzi hakuweza kuuona. Miaka mingi baadaye watu walianza kulipa fedha nyingi kwa ajili ya mbao chache zilizochongwa hivyo.

Kisa cha Gibson kinakwenda mbali zaidi, kwa maana ndani yake mna watu. Historia iliyozoeleka ilidai kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda cha Kalamazoo, Michigan, kiliacha magitaa na kugeukia kazi za jeshi. Lakini magitaa ya miaka hiyo yapo, yenye utepe kichwani unaojigamba kwamba Gibson pekee ndilo linalofaa. Magogo yao ya shingo yana namba za oda za kiwandani: namba ya kundi, kisha namba ya gitaa ndani ya kundi. Magitaa mengi kati ya hayo hayana chuma cha kunyoosha shingo, kwa kuwa chuma kilihitajika vitani; mengine yana ubao wa juu uliounganishwa kwa vipande vinne, au wa mahogani badala ya sprusi. John Thomas, profesa wa sheria nchini Marekani, alifuatilia habari hizo, akawahoji wanawake waliofanya kazi pale huku wanaume wengi wakiwa vitani, akaandika kitabu *Kalamazoo Gals*. Kichwa cha gitaa kilijigamba kwa jina la kampuni, na historia ikanyamaza kuhusu mikono. Namba na mbao za ndani zikabaki kupinga ukimya huo.

Mpinzani atasema kwamba namba si mtu. Kundi fulani, gitaa la ngapi, hilo halinitajii nani aliyegundisha mihimili. Ni kweli, na sidai zaidi ya hapo. Ila namba inafunga gitaa kwenye wakati, wakati unafungwa kwenye orodha ya wafanyakazi, na ghafla neno “kiwandani” halimaanishi tena kwamba gitaa halikutengenezwa na mtu. Mwingine atasema mihuri inaghushiwa. Inaghushiwa, naam, hasa pale bei inapopanda. Lakini mghushi hulazimika kulinganisha namba, umbo la mihimili, aina ya mbao, rangi ya gundi na alama za zana, vyote kwa pamoja, naye kwa kawaida hukamatwa pale vinapogongana. Kwa hiyo hoja hiyo inatudai tusome zaidi, tusiishie kwenye mhuri mmoja. Wa tatu atasema maarifa haya yanawatajirisha madalali tu. Madalali watatajirika hata hivyo. Sisi wengine tutabaki bila historia tukiwaachia wao peke yao kuisoma.

Linalonisikitisha ni kwamba nafasi ya mkono imepungua. Lebo ya karatasi huzungumza na mteja. Gallotone Champion, gitaa la bei nafuu la Afrika Kusini ambalo John Lennon alilipiga akiwa kijana, lilibandikwa lebo ndani iliyoahidi kwamba halitapasuka, bila neno kuhusu aliyelitengeneza. Msimbo wa mistari wa leo husomwa na mashine, na penseli huonekana kwa nadra. Kwa hiyo nawaomba mafundi wetu wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa: gitaa kuukuu likiletwa kutengenezwa, msisugue gogo la shingo wala kupaka rangi ndani. Mkifungua ubao wa nyuma, pigeni picha kila mwandiko kabla ya kupaka gundi, kisha mpeni mwenye gitaa nakala.