Granada: Mume na Mke Walale Wapi?



Wapo miongoni mwa wasomaji wetu waliojaaliwa kuwasomesha watoto wao na kuwaoza, na sasa wamebaki wawili nyumbani kama walivyoanza. Baadhi yao wametuuliza maswali mawili: je, yafaa mume na mkewe kufunga safari ya Ulaya kwa ajili ya kustarehe tu? Na wakifika, walale wapi?

Swali la kwanza ni jepesi. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akisafiri na wakeze, na safarini alishindana mbio na Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie. Mara ya kwanza Bibi Aisha alimtangulia, na mara nyingine baadaye Mtume akamtangulia yeye. Furaha ya ndoa basi ina nafasi yake hata njiani, maadamu gharama ni ya halali, isiwe mkopo wa riba wala haki ya mtu mwingine. Swali la pili ndilo lenye maelezo, nasi tutalieleza kwa kuutwaa mji mmoja, nao ni Granada, kusini mwa Uhispania.

Tumeuchagua mji huo kwa sababu Mwislamu hauingii kama mgeni kabisa. Juu ya kilima chake imesimama Alhambra, ngome na majumba ya wafalme wa Banu Nasr, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1238. Kutani mwake yamenakshiwa tena na tena maneno ya Kiarabu yenye maana kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Waliosoma chuoni wakiwa watoto watayasoma wenyewe, bila ya kumhitaji mfasiri. Tarehe 2 Januari 1492 mfalme wa mwisho, Abu Abdallah, aliutoa mji kwa Ferdinand na Isabella, na baadaye adhana ikanyamaza. Ng'ambo ya pili ya bonde la mto Darro kuna mtaa mkongwe wa Albaicín, na huko, mwezi wa Julai mwaka 2003, ulifunguliwa Msikiti Mkuu wa Granada. Bustani yake inaitazama Alhambra uso kwa uso. Mume na mke wakiketi hapo baada ya sala ya alasiri, watakuwa na mengi ya kuzungumza yasiyohusu karo wala bei ya unga.

Tuje sasa kwenye malazi. Mwenye uwezo atavutwa na namna tatu.

Ya kwanza ni Parador de Granada, iliyomo ndani ya eneo la Alhambra yenyewe. Ni mali ya serikali ya Uhispania, na imekuwa hoteli tangu mwaka 1945. Wageni wa mchana wakishaondoka, anayelala humo hubaki na bustani na utulivu mkubwa. Lakini msomaji ajue historia yake: palikuwa na jumba la Banu Nasr, kisha pakafanywa nyumba ya watawa wa Kikristo, na hapo ndipo Isabella alipozikwa kwanza, kabla ya mabaki yake kuhamishiwa mjini mwaka 1521. Kuna watakaoyaona hayo kuwa mazingatio, na kuna ambao usingizi hautawajia raha. Mume asimfikishe mkewe hapo bila ya kumwambia.

Ya pili ni Alhambra Palace, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1910 kwenye mteremko wa kilima hicho hicho. Matao na vigae vyake vimeiga ujenzi wa Kiislamu, na mandhari yake ya mji hayana mfano. Hata hivyo, baraza lake mashuhuri ni la watu wote, na vinywaji vya watu wote humiminwa hapo.

Ya tatu ni nyumba za kale za Albaicín zilizogeuzwa kuwa hoteli ndogo. Huko nyumba yenye bustani iliyozungushiwa ukuta huitwa carmen, jina litokalo kwenye neno la Kiarabu la shamba la mizabibu. Aliyekulia Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa ataielewa mara moja: nje ukuta mtupu, ndani kiwanda, maji na maua. Uzuri umeelekezwa kwa wenye nyumba, si kwa wapita njia.

Bibi mmoja, ambaye ndoa yake imepita miaka 25, tulimsikia akimjibu mumewe aliyekuwa akimsomea sifa za hoteli moja baada ya nyingine: bwawa la kuogelea, baraza la juu ya paa, chakula cha usiku chenye muziki. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bwana, mimi nataka dirisha ambalo nitakaa mbele yake kichwa wazi, nipigwe na upepo, nisionekane na mtu." Mumewe alinyamaza. Alikuwa ameandaa zawadi kubwa, na hakuwa ameuliza hata mara moja anayepewa anapenda nini.

Kwa rai yetu, maneno ya bibi yule ndiyo kipimo. Bwawa la wote ni anasa kwa wengine. Kwa mwanamke mwenye kujistiri ni mahali pa kupita haraka. Mandhari ambayo haiwezi kutazamwa mpaka avae buibui ni nusu ya mandhari. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu nyota za hoteli, ulizeni: je, chumba kina kibaraza au bustani isiyochungulika? Nyumba ndogo ya Albaicín yenye ukuta mrefu yaweza kumpa mke raha ambayo jumba la fahari halina. Tena msikiti uko karibu, ilhali anayelala kilima cha Alhambra itambidi ashuke bondeni na kupanda tena, kwa miguu au kwa yale mabasi madogo ya mjini.

Yapo mambo mengine ya kuandikia hoteli mapema. Semeni mwataka cama de matrimonio. Ndivyo Wahispania wanavyokiita kitanda kimoja kikubwa, yaani kitanda cha ndoa, na asiyekitaja huweza kupewa vitanda viwili vidogo vilivyosogezwa pamoja. Ombeni pombe iliyowekwa katika friji ya chumbani iondolewe. Ulizeni juu ya chakula cha asubuhi, kwani nguruwe huingia hata katika supu, na mafuta yake katika baadhi ya vitamutamu. Mayai, samaki, matunda na mkate wa mafuta ya zeituni vyatosha, na chini ya Albaicín kuna mikahawa ya halali na nyumba za chai. Chukueni birika dogo la kutawadhia. Na sisi tuliozoea kuswali tukielekea kaskazini, tukumbuke kwamba kutoka Granada kibla kiko mashariki, kikiinama kidogo kusini.

Wakati nao ni sehemu ya uchaguzi. Mwishoni mwa Juni jua huzama huko baada ya saa tatu na nusu usiku, isha huingia baada ya saa tano, na alfajiri haikawii, mbali na joto kali la mchana. Aprili, Mei na Oktoba zina hewa nzuri na usiku wa kutosha.

Mwisho ni hesabu. Viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima, na hutakiwa bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 pamoja na ithibati ya malazi. Wekeni nafasi inayoruhusu kuvunjwa bila hasara, maana bei nafuu mara nyingi ni ile isiyorudishwa, na viza haina dhamana. Tiketi za Alhambra zikatwe mapema, kwa kuwa majumba ya ndani huingiwa kwa saa maalumu.

Ndugu zetu waume, hoteli ya kifahari hununuliwa kwa pesa, lakini utulivu wa mke hutokana na kushauriwa. Mketisheni, mwulizeni, kisha mlipe. Na yule ambaye riziki yake haifiki Granada, asione kwamba amekosa. Usiku mmoja Watamu au Shela, watoto wakiwa kwa bibi yao na simu zikiwa zimezimwa, una kipimo kile kile: stara, sala, na wawili waliosikilizana.

Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zetu na safari zetu. Amin.