Likizo ya Mjini na Mtoto wa Shule: Siku Tatu za Kampala na Entebbe

Likizo ya askari ni fupi, na mara nyingi huisha kabla mwenyewe hajaionja. Siku ya kwanza huishia njiani. Ya pili huishia katika kuwasalimu wakubwa wa ukoo. Ya tatu huzuka mambo ya karo, paa linalovuja na shauri la kiwanja. Mzazi aliyetoka kituo cha mbali, au aliyetoka Somalia ambako wanajeshi wa Uganda wamehudumu tangu mwaka 2007, hurudi kazini akiwa amekwisha kuonana na kila mtu, ila mtoto wake amemwona wakati wa chakula tu. Na mtoto hangoji. Kila muhula unapopita anarefuka, anapata rafiki wapya na maswali mapya, na siku moja mzazi hutambua kwamba anaishi na mgeni mwenye jina lake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tunashauri kwamba siku tatu katika hizo za likizo zitengwe kwa safari ya mjini pamoja na mtoto wa umri wa miaka 7 hadi 13. Mtoto wa umri huo amekwisha kujua kusoma vibao vya barabarani na kuhesabu chenji, na bado anapenda kushikwa mkono. Kampala yafaa kwa safari hiyo, maana mabasi ya pande zote za nchi huishia huko, na mengi ya yale anayoyasoma darasani yapo huko kwa macho.

KABLA YA KUONDOKA

Jambo la kwanza ni majira. Likizo ya Desemba na Januari ndiyo ndefu kupita zote, na kwa kawaida mvua huwa zimepungua. Likizo ya Mei huangukia katika masika. Asiye na budi kusafiri wakati huo achukue koti la mvua, na matembezi ayafanye asubuhi.

Jambo la pili ni fedha. Zigawe katika bahasha tatu kabla ya kutoka nyumbani: moja ya nauli ya kwenda na kurudi, ambayo haiguswi kwa lolote, moja ya malazi na chakula, na moja ya viingilio na vitu vidogo. Bahasha hiyo ya tatu mpe mtoto aihesabu kila jioni. Atajifunza hesabu ya kutoa kuliko ubaoni, wala hatalilia kila kitu akionacho dukani, kwa kuwa anajua kilichobaki.

Jambo la tatu ndilo kubwa: mwulize mtoto anataka kuona nini, na katika kila siku weka jambo moja kubwa tu, tena la asubuhi. Wazazi wengi hupanga safari ya mtoto kama zamu ya kazi. Saa mbili hapa, saa nne pale, saa sita kwingine. Ifikapo alasiri mtoto amechoka, ananuna, na mzazi anamgombeza kwa gharama ambayo mtoto hakuiomba. Miguu ya mtoto ndiyo kipimo cha safari. Alasiri iachwe kwa chakula, kivuli na mazungumzo.

SIKU YA KWANZA: MAKUMBUSHO

Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya zamani ya Lugard huko Old Kampala, na tangu mwaka 1954 yapo katika jengo lake la Kitante, lililochorwa na msanifu majengo Mjerumani aliyeitwa Ernst May. Humo mna zana za mawe, silaha za kale, mavazi ya magome ya mti, na mkusanyiko mkubwa wa ala za muziki za makabila ya Uganda: ngoma, marimba, mazeze na filimbi. Nyuma ya jengo zipo nyumba za asili zilizojengwa kwa mitindo ya sehemu mbalimbali za nchi.

Usimpitishe mtoto mbele ya kila kabati. Mwambie achague vitu vitatu, avichore katika daftari lake, kisha amwulize mwongozaji kila kimoja kilifanya kazi gani. Katika nyumba za asili mwache akutafutie iliyo kama ya babu yake. Hapo mzazi atapata nafasi ya kusimulia mambo ya kwao ambayo huenda hajawahi kuyasimulia.

SIKU YA PILI: KILIMA KIMOJA

Kampala ni mji wa vilima, na yasemekana jina lake limetokana na swala waliokuwa wakilisha katika kilima kimojawapo. Mtoto achague kilima kimoja kati ya viwili.

Cha kwanza ni Old Kampala, mahali alipojenga ngome Kapteni Lugard alipofika mwishoni mwa mwaka 1890. Leo kilimani pale umesimama Msikiti wa Kitaifa, ambao ujenzi wake ulianza katika miaka ya 1970, ukasimama kwa muda mrefu, ukaja kukamilishwa katika miaka ya 2000. Wageni wa dini zote hupokewa mradi wamevaa mavazi ya heshima. Mnara wake una mamia ya vidato. Anayeufikia upeo wake huona mji mzima chini yake. Mwambie mtoto ahesabu vidato wakati wa kupanda, kisha aonyeshe kwa kidole barabara mliyoingilia.

Cha pili ni Kasubi, yalipo makaburi ya Makabaka wanne wa Buganda. Jengo kuu lilikuwa jumba la Kabaka Mutesa wa Kwanza tangu mwaka 1882, naye akazikwa humo mwaka 1884. Mahali hapo paliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Tarehe 16 Machi 2010 jengo hilo liliteketea kwa moto, nchi ikahuzunika. Mafundi wakalijenga upya kwa miti, matete na nyasi kwa ustadi wa mababu, na mwaka 2023 UNESCO ikaliondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Yafaa kuulizia mapema kama wageni wanapokewa siku hiyo. Mtoto atajifunza hapo kwamba kilichoungua chaweza kujengwa tena, iwapo wapo wanaokumbuka namna ya kukijenga.

Kilima kitakachobaki kiachwe kwa likizo nyingine. Jioni, mkipita katikati ya mji, simameni mbele ya Mnara wa Uhuru, sanamu ya mwaka 1962 iliyochongwa na Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyesomea sanaa Makerere. Ni mtu mzima anayemnyanyua mtoto juu. Mwulize mwanao maana yake, kisha unyamaze usikie.

SIKU YA TATU: ENTEBBE

Entebbe ipo yapata kilomita 40 kutoka Kampala, kando ya Ziwa Victoria. Bustani ya mimea ilianzishwa huko mwaka 1898, na kivuli cha miti yake mikubwa hakina kiingilio kikubwa cha kumtisha mwenye mshahara mdogo. Karibu yake ipo bustani ya wanyama, iliyoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima. Humo mtoto ataona sokwe, simba, na vifaru, ambao katika mbuga za Uganda walimalizwa na majangili mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Ziwa litamvutia kuliko yote. Mweleze kwamba maji yale ni ya nchi tatu, na kwamba humo ndimo Mto Nile huanzia safari yake ya kwenda Misri. Lakini asiingie majini penye majani na konokono, kwani kichocho kipo ziwani.

HADHARI

Mjini watu ni wengi, na kituo cha taksi hummeza mtoto kwa dakika moja. Kila asubuhi tieni mfukoni mwake karatasi yenye jina lenu na namba ya simu. Mfundishe kwamba akipotea asimame palepale. Na akiona amekawia, amwendee askari wa usalama barabarani mwenye sare nyeupe, au mama mwenye duka. Msimpakie katika bodaboda watu watatu. Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa, na usiku alale ndani ya chandarua.

Mwisho, neno kuhusu jamaa walio mjini. Kulala kwao ni heshima na hupunguza gharama, lakini waambieni mapema, kwa adabu, kwamba asubuhi ni za mtoto. Shangazi mwenye hekima ataelewa. Simu nayo ilale mfukoni. Mtoto ambaye mzazi wake alikuwa sauti ya simu kwa miezi tisa hahitaji kumwona akiongea na simu hiyo tena.

Mkirejea, daftari lile la michoro liwekwe mahali salama. Mzazi akienda tena kazini, mtoto ataandika humo jina la kilima kilichobaki, naye mzazi atajua huko aliko kwamba ipo ahadi inayomngoja.