Pampu ya Injini Nyingine

Katika gari la dizeli, pampu ndiyo yenye kujua kiasi na wakati. Gari la petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. La dizeli halina cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto la kuunguza, kisha mafuta hupulizwa humo kwa nguvu kubwa, kiasi cha tone moja hivi, kwa wakati wake hasa. Tone likizidi, gari hutoa moshi mweusi na injini hupata joto kupita kiasi. Likipungua, gari huwa halina nguvu. Likiwahi, injini hugonga kama mtu apigaye bati. Likichelewa, hutoa moshi mweupe asubuhi na kuwa nzito mchana. Rudolf Diesel mwenyewe, aliyepewa hataza yake huko Ujerumani mwaka 1893, hakuwa na pampu ya namna hii. Injini zake zilipuliza mafuta kwa hewa iliyobanwa na mtambo mzito, usiobebeka katika gari dogo. Kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza pampu za dizeli kwa wingi mwaka 1927, na mwaka 1936 Mercedes-Benz wakatoa 260 D, gari dogo la abiria lenye kutumia dizeli.

Nayaeleza hayo ili msomaji aelewe kwa nini nilikaa majuma sita nikihangaika na chuma kinachoweza kubebwa kwa mkono mmoja.

Gari langu ni Toyota Hilux yenye injini iitwayo 3L, ya ujazo wa senti 2,779. Nilistaafu ualimu mkuu nikaanza kulitumia kwa mambo ya shamba, na baadaye kwa jambo zito zaidi. Mke wangu ana maradhi ya moyo, na kila baada ya miezi mitatu daktari hutaka kumwona Mbeya. Kutoka Mpanda hadi Mbeya kwa njia ya Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 500. Basi lipo, lakini miguu yake huvimba akikaa bila kunyoosha, na basi halimsimamii mtu kila atakapo. Gari likilala, na kliniki imelala.

Pampu ya zamani iliuawa na maji yaliyokuwa ndani ya mafuta. Watu wengi hawajui kwamba pampu ya aina hii haina oili yake. Dizeli inayopita ndani ndiyo inayoilainisha. Maji yakiingia, au mtu akichanganya mafuta ya taa, vyuma vilivyosuguliwa mpaka unywele usipite kati yake huanza kulana. Mchezo huo wa mafuta ya taa ulikuwa umeenea sana, hata serikali ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010. Maji hayana kinasaba. Dawa yake ni kufungua kizibo cha chini ya chujio na kuyamwaga.

Nikaagiza pampu. Muuzaji, ambaye sina haja ya kumtaja wala mji wake, alinihakikishia kwamba ni ya injini hiyo hiyo. Ikaletwa kwa treni kupitia Kaliua, kwa tawi lile la reli lililojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba, na ambalo limeendelea kutufaa miaka mingi baada ya mgodi kufungwa. Niliifungua pale pale stesheni. Juu yake ilikuwa na kofia ya bati ambayo pampu yangu ya kwanza haikuwa nayo.

Fundi alipoiona alicheka kidogo, si kwa dharau. Nilimfundisha darasa la nne na la tano, na mpaka leo haniiti mzee, huniita Mwalimu tu.

"Shikamoo Mwalimu. Hii ni ya turbo."

"Marahaba. Na langu halina turbo."

"Ndiyo hivyo. Itafunga, Mwalimu. Bolti zitakaa. Lakini itakuwa inasubiri."

Neno hilo, inasubiri, ndilo lililonifanya nielewe. Pampu ile ilitoka katika injini ya 2L-T, ndugu mdogo wa injini yangu, mwenye ujazo wa senti 2,446 na turbo ya kumwongezea pumzi. Chini ya ile kofia kuna kiwambo cha mpira na springi. Turbo ikisukuma hewa, hewa hiyo hukibonyeza kiwambo. Kiwambo hushusha kijiti chenye umbo la pia. Kijiti kikishuka, pampu hupewa ruhusa ya kutoa mafuta zaidi. Hewa isipokuja, kiwambo hubaki juu, na pampu hutoa posho ndogo ya injini ndogo isiyopata pumzi. Katika gari langu hewa hiyo isingekuja kamwe.

Muuzaji alikataa kuirudisha. Pampu ya haki ilitaka fedha ambazo pensheni ya mwalimu wa shule ya msingi haizijui. Tukaifunga.

Gari liliwaka vizuri, silensa yake ikatulia, na majirani wakalisifu kwamba sasa halitoi moshi hata chembe. Fundi peke yake hakufurahi. Gari la dizeli la umri ule, likiwa na mzigo na limekanyagwa mafuta mpaka mwisho, lazima lionyeshe ukungu kidogo nyuma. Lisipoonyesha, lina njaa. Tulipakia gunia nane za mahindi tukatoka nje ya mji, na katika mwinuko ambao zamani niliupanda kwa gia ya tatu, likaomba ya pili, kisha likaomba ya kwanza.

Hapo ndipo mafundi wengi hushika bisibisi. Nyuma ya pampu kuna skrubu ya mafuta, ambayo kiwandani huwa imefungwa kwa lakiri. Ukiikaza, mafuta huongezeka, na mwenye gari huondoka akishangilia. Lakini skrubu hiyo huongeza mafuta kila mahali, hata pasipohitajika: silensa hupanda, injini huchelewa kushuka uachiapo mafuta, na mlimani moshi huwa kama wa tanuri la mkaa. Moshi ule ni fedha, na joto lake ndilo linaloyeyusha vichwa vya pistoni. Fundi wangu hakuanza na skrubu hiyo. Alianza na wakati.

Aliazima geji ya saa, akafungua kizibo kilicho katikati ya kichwa cha pampu, akaiweka pistoni ya kwanza juu kabisa, akapima plunja imesogea kiasi gani. Kipimo chenyewe hakifiki milimita moja, na ndani ya nafasi hiyo kuna kugonga, kukosa nguvu na kwenda vizuri. Hapo tulipata shida ya kitabuni. Kitabu kina namba ya injini yangu na kina namba ya ile injini nyingine. Hakina namba ya ndoa ya hizo mbili. Tukashika ya injini yangu, maana silinda ndizo zinazochoma.

Kisha kofia. Alitengeneza washa ya shaba ya kukaa kati ya kifuniko na kiwambo, ili kiwambo kikae kimebonyezwa muda wote kana kwamba kuna hewa kidogo inayokisukuma. Swali likawa unene. Yeye alitaka kukata kwa jicho na kusikiliza.

"Mwalimu, injini inasema yenyewe."

"Inasema, lakini tuandike inachosema."

Chuoni Butimba tulifundishwa kwamba jaribio lisiloandikwa halijafanyika. Nikaleta kalipa yangu na daftari la mistari. Kila tulipopiga tupa washa, niliandika unene wake, gia ya mlimani, rangi ya moshi kama alivyoiona kijana aliyeketi nyuma juu ya magunia, na mafuta yaliyotumika. Fundi aliniona msumbufu. Siku ya tano, aliposema gari limekuwa zuri kuliko jana, daftari lilionyesha gia ile ile, moshi mwingi zaidi na mafuta zaidi. Alilisoma mara mbili, akachukua tupa bila kuambiwa. Nami nakiri kwamba masikio yake yalikamata jambo ambalo daftari halikuwa na safu yake: mgongo mdogo wa kugonga injini ikiwa baridi. Akarudisha pampu nyuma upana wa ukucha, ikanyamaza.

Mara nyingi gerejini nilikumbuka mwaka 1977, Elimu ya Msingi kwa Wote ilipojaza madarasa kuliko walimu waliokuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakishika chaki. Tuliotoka vyuoni tuliwacheka. Baadhi yao walikuwa wabovu kweli. Na baadhi, wale waliopata mtu wa kuketi nyuma ya darasa na kuwaangalia juma baada ya juma, walinipita mimi.

Skrubu ya nyuma tuliigusa mwisho, robo ya mzunguko tu, tukashusha silensa mahali pake. Fundi akafunga kila kitu kwa waya na kupaka rangi nyekundu, apate kujua kama mkono mwingine umepita hapo.

Safari ya kwanza ya Mbeya tulitoka Mpanda alfajiri, tukapita Sitalike na mbuga ya Katavi vioo vimefungwa kwa ajili ya mbung'o, tukaanza kupanda kutoka Kibaoni kwenda Kizi. Gia ya tatu ilishika. Mke wangu, asiyejua pampu wala kiwambo, aliniuliza kwa nini natazama kioo cha nyuma badala ya barabara. Nilikuwa natazama moshi. Hadi Kizi ulikuwa ukungu mwepesi. Sumbawanga, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya kwetu Mpanda, ukakoza kidogo, kwani pampu ilitoa tone lile lile kwa hewa iliyopungua. Niliandika: Sumbawanga, moshi wa kijivu, gia ya tatu, washa milimita 1.4. Fundi alipoliona daftari niliporudi alitaka kupunguza. Tulishauriana, tukaiacha, kwa sababu siku nyingi za mwaka gari liko Mpanda.